Maiti ya Ratili Kumi na Nne

Serikali ilitangaza, kwanza kwa kipaza sauti kutoka juu ya Landrova na baadaye kwa karatasi iliyogongomewa kwenye mlango wa ghala la kahawa, kwamba kuanzia tarehe mosi Juni 1955 hapatakuwa tena, katika mashamba yote kati ya Ruiru na Thika, mtu ambaye hajulikani alipo. Kila mtu atakuwa mahali pamoja kati ya matano: kazini, nyumbani kwao kwa ruhusa, hospitalini, gerezani au kaburini. Daftari lilikuwa limekwisha kupigwa mistari, safu tano. Asiyepatikana katika hizo tano atahesabiwa kuwa yuko msituni na wapiganaji, na watu wa nyumba yake watatolewa shambani mwisho wa mwezi na kupelekwa kuhojiwa. Tangazo lilisomwa kwa Kiswahili, likarudiwa kwa Kikuyu, kisha watu wakaambiwa wanaweza kupiga makofi.

Benta Ajwang alipiga makofi pamoja na wengine. Alikuwa amesimama katika mstari wa wanawake wachumaji, kikapu miguuni, na huku mikono ikipiga, kichwa kilikuwa kinapitia safu moja baada ya nyingine. Mumewe Boaz hakuwa kazini. Nyumbani kwao Alego, upande wa Kisumu, hakuwako. Mama yake mzazi alikwisha kuandikisha barua kuuliza kwa nini amenyamaza. Hospitali ya Thika Benta alikuwa ameiendea mara mbili, na mara ya pili mhudumu alimwambia asirudi. Gerezani hakuna aliyempeleka. Na kaburi hakuwa nalo, kwa sababu mto Chania ulimchukua mwezi wa Aprili na haukumrudisha.

Hivyo ndivyo Benta alivyokuwa akiwaambia watu.

Alikuwa mwanamke wa miaka kama arobaini, aliyeitwa Mama Oloo shambani, mrefu, mwenye sauti ya chini. Alishuka kwa treni mwaka 1949 na sanduku la bati, akamkuta Boaz amepata kazi ya mashine ya maji: injini moja, kwenye kibanda cha mabati kando ya mto, iliyosukuma maji kupanda hadi mahali pa kuoshea kahawa. Boaz alilala na mashine ile zaidi ya alivyolala na mkewe, na alipoulizwa alisema mashine haiulizi. Benta alichuma kahawa. Baada ya malori ya serikali ya 1954, Wakikuyu wengi wa kiume walipochukuliwa kwenda kizuizini, Wajaluo na Waluhya waliongezeka shambani, na kila mmoja aliyefika alipewa chumba ambacho bado kilikuwa na moshi wa mtu mwingine. Tangu hapo watu walizoea kusalimiana huku wakitazamana mikono.

Siku mto ulipofurika, kibanda cha mashine kilikutwa kimeinama, mlango umekwenda, na Boaz hayupo. Koti lake lilikuwa limetundikwa kwenye msumari ukutani, kavu. Watu wote walielewa: alivua koti akashuka kuokoa bomba. Benta naye alielewa hivyo mpaka alipotia mkono mfukoni. Kiko hakikuwamo, wala kopo la tumbaku. Boaz alikuwa mtu wa kuacha tumbaku mahali pakavu hata anaponawa uso. Na juma lilelile mwanamke mmoja aliyeitwa Nafuna, aliyekuwa akiuza uji mbele ya lango la kiwanda huko Thika, alifunika sufuria yake akaondoka. Wengine walisema amekwenda kwao kuzika, wengine walisema amekwenda tu. Benta aliyaweka mambo hayo mawili pamoja, akayatenganisha, akayaweka pamoja tena. Hakumwambia mtu.

Nyapara wa mstari wake alikuwa Zacharia, Mmaragoli, mtu wa kanisa, mwenye kalamu mbili mfukoni, moja ikiwa haiandiki. Siku ya tatu baada ya tangazo alimwita kando ya mizani.

"Mama Oloo," alisema, "mimi kama mimi najua Boaz hayuko msituni. Mjaluo atafanya nini msituni? Huko hakuna samaki."

"Basi mwandike kaburini."

"Kaburi liko wapi nilione?"

"Mto ndio kaburi."

"Mto hauna safu, mama." Zacharia alilifungua daftari akamwonyesha, kama mtu anayeonyesha kwamba si yeye aliyeumba dunia. "Angalia mwenyewe. Hapa kaburini wanataka mahali, tarehe, na nani alishuhudia. Nikiandika Chania, Bwana ataniuliza Chania wapi. Mimi nitamwambia nini, anzia kwa daraja?"

Alipokuwa akisema hayo macho yake yalikuwa yakipanda kwenye bati la chumba cha Benta, upande ule ambao halivuji. Shemeji wa Zacharia alikuwa amefika kutoka Maragoli mwezi wa Machi na alikuwa analala katika ghala la mbolea. Benta aliyafuata macho hayo mpaka juu, kisha akayafuata yakishuka.

"Mwisho wa mwezi," alisema Zacharia. "Niletee kaburi nami nitaliandika vizuri."

Siku iyo hiyo ilikuja barua ya pili ya mama mkwe, imeandikwa na katekista kwa wino wa zambarau. Ilikuwa na salamu za watu kumi na wanane na neno moja. Neno lenyewe lilikuwa hili: usije mikono mitupu, mchukue pale alipoachia.

Mama mkwe hakutaja kitu kwa jina, na Benta hakuhitaji kutajiwa. Kwao, mtu akiliwa na maji au na simba au na vita vya mfalme na mwili wake usipatikane, nafasi yake hushikwa na yago. Ni tunda la mti wa nyika, refu, zito, la rangi ya majivu, lisiloliwa na mtu mwenye akili. Huoshwa, likavikwa, likaliliwa kwa sauti zote, likalazwa upande wa kuume wa nyumba kama mwenye nyumba. Kuanzia hapo mtu huyo amekufa na mjadala umekwisha. Mkewe hunyolewa, watoto hujua wasimame wapi. Baada ya vita vya Burma kilima kimoja cha Alego kilizika mayago saba kwa mwaka mmoja. Mmoja wa hao saba alirudi mwaka 1948, mzima, na kofia yake. Mama yake alimkatalia mlango. Ilibidi watoboe ukuta wa nyuma wampitishe hapo, wamwogeshe, wampe jina jingine, na hata hivyo wakati Benta anaondoka watu walikuwa bado wanaacha kuzungumza anapokaa karibu nao.

Kwa hiyo Benta alijua vizuri anachotaka kufanya. Kama Boaz yuko chini ya maji, atapumzika. Kama yuko mahali pengine na kiko mdomoni, basi hapo ndipo atakapofia.

Tabu ilikuwa mti. Huko kwao yago lilikuwa kila ukingo wa mto. Hapa mashamba ya wazungu yalikuwa yameng'oa kila kisichokuwa kahawa. Aliyejua mambo ya miti alikuwa Waceke, mke wa Muigai aliyechukuliwa na malori mwaka ule wa 1954. Waceke alikaa katika mistari ya nyumba za Wakikuyu, iliyozungushiwa seng'enge na handaki, na hakuruhusiwa kwenda popote isipokuwa kuchuma. Walichuma mstari mmoja, yeye upande huu wa mbuni, Benta upande ule, na kwa miaka mitatu walikuwa wamezungumza kupitia majani bila kuonana uso wote.

Benta alilieleza tunda: urefu wake, uzito wake, linavyoning'inia kwa kamba ndefu.

Mikono ya Waceke ilisimama. "Muratina," alisema. "Wa nini? Pombe imekatazwa."

"Si wa pombe."

"Nani amekutuma uniulize habari ya pombe?"

"Hakuna aliyenituma."

"Zacharia?"

"Waceke, mimi sinywi hata chai ya rangi."

"Hiyo ndiyo sauti ya mtu aliyetumwa." Waceke alirudia kuchuma. Kisha akauliza, polepole, "Kama si pombe ni nini?"

"Dawa."

"Dawa ya nini?"

Benta alitafuta jibu akalipata baya. "Ya vidonda."

"Ah. Vidonda sawa." Na kwa kuwa vidonda havina sheria, Waceke alilegea, na ulimi wake ukapata njia. Baba yake, alisema, alitoboa mizinga ya nyuki kutoka kwa gogo la muratina, kwa kuwa mti wake hauoneshi nyufa upesi. Vinu pia. Tunda lililokauka likisagwa unga wake hunyunyizwa kwenye kidonda kinachonuka, na kinaacha kunuka hata kabla ya kupona. Maji ya gome hunyweshwa mtu mwenye tumbo la kuhara, lakini tunda likiwa bichi usilile. "Ukilila utaharisha mpaka usahau jina lako. Tena kwa pombe, zamani, kabla ya hii shida, walilipasua mara mbili, wakalichemsha, wakalianika mpaka likawa kama sifongo. Hilo ndilo lililochachua asali. Baba alikuwa na vipande vyake vya miaka kumi, havikuoshwa na mtu mwingine." Aligeuka kutazama nyuma. "Nakwambia za zamani."

"Nimesikia za zamani."

"Wewe hauna kidonda, Mama Oloo."

Benta alichuma tawi zima kabla ya kujibu. Kisha akamweleza yote, isipokuwa tumbaku. Upande wa pili wa mbuni punje ziliacha kuanguka kikapuni.

"Na mtu akirudi?" Waceke aliuliza mwishowe.

"Amerudi akiwa amekufa."

Waceke alielekeza njia bila kuinua kichwa, kama mtu anayesema na kahawa. Pita hoteli ya wazungu penye maporomoko. Fuata mto unavyoshuka, mpaka mashamba yaishe na nchi ianze kukauka na mlima Kilimambogo uuone wote. Mto unapopinda kushoto kuna mti mmoja mpana, matunda yamening'inia kama mawe ya mizani. Usimwulize mtu. Ukimwuliza mtu habari ya muratina siku hizi, atakuuliza na wewe umeuliza nani.

Zacharia alimpa ruhusa ya siku kumi na nne za kwenda nyumbani bila kumsumbua, upesi kuliko desturi, na akauliza kama anaacha ufunguo. Benta alisema anaondoka nao.

Alikwenda mtoni Jumapili, saa ya kanisa. Alipita hoteli, ambako wazungu walikuwa wamekaa barazani wakiyatazama maporomoko kana kwamba yamelipiwa, akashuka na ukingo mpaka alipouona mti. Ulikuwa kama alivyoambiwa. Alilivua lile koti la Boaz alilokuwa amelivaa juu ya gauni, akalitandaza, akasimama chini ya matawi akamwita mumewe kwa jina mara tatu, kwa lugha ya kwao, kama mama mkwe angetaka. "Boaz, twende nyumbani." Hakuna kilichojibu. Alijikuta anasikiliza zaidi ya inavyotakiwa, sikio likiwa limeelekea Thika na si mtoni.

Hakuchagua kubwa kuliko yote; Boaz alikuwa mwembamba. Alilishika mojawapo kwa mikono miwili, akalizungusha mpaka kikonyo kikaachia, na tunda likamwangukia kifuani kwa uzito ambao hakuutarajia. Akakaa chini bila kupenda. Alikaa hivyo kitambo, amelipakata, akiwa na hasira ambayo hakujua aielekeze upande gani wa mto.

Aliliosha. Akalizungushia yadi mbili za kitambaa cha marekani, juu yake akalivika koti na kufunga vifungo vyote vinne. Asubuhi ya Jumatatu alipanda basi la Nairobi akapate treni ya Kisumu.

Basi lilisimamishwa Ruiru, karibu na daraja, penye gogo lililolazwa barabarani na hema moja. Wote walishushwa. Wakikuyu walichuchumalishwa upande huu, kabila nyingine zikasimama upande ule, na mizigo ikawekwa katikati. Mkubwa wa hapo alikuwa inspekta kijana wa Kizungu, pua imebanduka ngozi, aliyejifunza Kiswahili katika kijitabu chenye vitenzi vya kuamrisha tu. Pamoja naye walikuwa homgadi mmoja, Mkikuyu mlinzi wa serikali wa hapohapo Ruiru, jina lake Macharia, na koplo wa polisi aliyeitwa Munyao, Mkamba mwenye miaka kumi na mmoja kazini na mwili kama ufito wa kujengea.

Inspekta aliligusa koti kwa fimbo. "Fungua."

"Huyu hafunguliwi barabarani," alisema Benta.

Macharia alilifungua. Alipofika kwenye marekani alipunguza kasi, na alipoliona tunda akacheka kwa pua. "Muratina. Ona hii. Mama, unapika wapi?"

"Sipiki."

"Imevalishwa koti na hupiki? Sisi hapa tumekatazwa pombe yetu, sasa Mjaluo ndiye anaisafirisha. Hata hiyo mmechukua?"

"Mimi nimechukua changu."

Inspekta alitaka kujua kuna nini ndani. Hilo halikuwa swali la kipumbavu. Mwezi uliopita risasi thelathini zilikutwa ndani ya boga katika soko, na tangu siku ile hapakuwa na boga lililopita Ruiru likiwa zima; kando ya hema palikuwa na rundo la vipande, na inzi wake. Aliligonga tunda kwa fimbo. Lilitoa sauti nzito, kama mlango wenye mtu nyuma yake. Alirudi hatua moja.

"Leta panga," alisema.

Benta alikaa chini pale pale kwenye vumbi, akaliweka yago mapajani, akalikumbatia. Hakupiga kelele. Aliongea na Munyao, kwa kuwa katika wale watatu yeye peke yake ndiye aliyekuwa hajamwamuru kitu.

"Koplo, mwambie bwana hivi. Huyu ni mume wangu. Maji ya Chania yalimla, mwili haukutoka. Hili tunda limeshika mahali pake, nalipeleka kwao likazikwe. Mkilikata, mmemkata yeye. Na aliyekatwa barabarani hazikwi kwetu nyumbani, anatupwa nje ya boma. Basi nitakuwa sina kaburi. Na nisipokuwa na kaburi, mwisho wa mwezi huu mimi ni mke wa mtu wa msituni. Karatasi iko kwa mlango wa ghala, mwende mkaisome."

Munyao alilitafsiri hilo kwa Kiingereza. Tafsiri ilikuwa fupi kiasi cha kutia shaka.

"Amesema nini?" Inspekta aliuliza.

"Anasema ni maiti, Afande."

Inspekta aliwatazama mmoja mmoja. Kama kungekuwa na aliyecheka angejua la kufanya. Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililomtisha zaidi.

"Kwetu hilo ni la watoto," Munyao alimwambia Benta kwa sauti ya kawaida, kana kwamba wanasubiri basi. "Tunaliita muatini. Bibi yangu alinipaka maji yake nilipozaliwa, ati ninenepe."

Macharia alimpima kwa macho kutoka kofia hadi viatu. "Alikupaka kidogo."

"Alinipaka sana. Wewe hujaona ndugu yangu ambaye hakupakwa."

Inspekta alikuwa amepata njia. Alisema, akihesabu maneno kwa kidole, kwamba maiti haipiti barabara hii bila kibali. Mwanamke hana kibali. Kwa hiyo hii si maiti. Kwa hiyo itakatwa. Aliridhika nayo. Ilikuwa na ngazi tatu na zote zilishuka.

Munyao alisimama wima. "Afande, kibali cha maiti kinatolewa hapa."

"Hapa?"

"Hapa, Afande. Kitabu kiko ndani ya sanduku, chini ya taa. Tumeshatoa arobaini na tano tangu Januari. Na kanuni inasema maiti haikatwi mpaka daktari awepo."

Hiyo pia ilikuwa kweli. Inspekta aliangalia barabara kuelekea Thika, kisha kuelekea Nairobi. Upande wowote ambao angempeleka mtu kuuliza, ingebidi aandike alichokuwa anauliza. Panga lilikuwa limekwisha kuletwa. Alilitazama, akaingia hemani. Kutoka ndani alisema kwamba Koplo ajaze fomu, yote, asiruke hata mstari mmoja.

Munyao hakuruka. Jina. Kabila. Kazi ya marehemu: mashine ya maji. Sababu ya kifo: maji. Urefu walipima kwa utepe wa fundi uliokuwa umenyang'anywa abiria: futi mbili na inchi moja. Uzito kwa mizani ya kupimia makaa yasiyo na ruhusa: ratili kumi na nne. Hali ya mwili: mzima. Harufu: Munyao aliinama akanusa, akaandika hakuna. Mahali pa shahidi aliyeutambua mwili alimpa Macharia kalamu.

"Nimetambua nini?" alisema Macharia.

"Umeona au hujaona?"

"Nimeona. Lakini nilichoona mimi nimekitaja."

"Hapo hawaulizi umekitaja nini. Wanauliza kama umeona."

Macharia alitia kidole kwenye wino akitazama pembeni, kama mtu anayejua kwamba karatasi hii siku moja itamtafuta.

Kabla ya kupiga muhuri Munyao alipunguza sauti. "Mama. Huyu mtu alikufa kweli?"

Benta alikuwa anamvika tena koti. Vidole vyake vilipita juu ya mfuko ambamo hamkuwa na kitu.

"Andika amekufa."

"Cha kuandika nimekwisha kuandika. Mimi nakuuliza."

"Koplo," alisema Benta, akifunga kifungo cha nne, "koti lake ni hili. Kama yuko mahali, baridi ni yake."

Munyao alimtazama kwa muda ambao polisi humtazama mtu aliyejibu vizuri. Kisha akapiga muhuri nakala tatu, moja baada ya nyingine, kwa nguvu sawa. Katika basi mama mmoja aliyekuwa amekaa kiti cha mbele alipoona karatasi aliinuka akaenda kukaa nyuma, na Benta akapata nafasi ya kumlaza Boaz kitini.

Alego walikuwa wakisubiri. Mama mkwe alilipokea yago kwa mikono yote miwili, akalipima kidogo, juu, chini.

"Amekonda," alisema, na hapo ndipo kilio kilipoanza.

Walilizika siku ya pili, upande wa kuume wa nyumba. Benta alilia kwa sauti ambayo wanawake wa mji waliisifu baadaye, na hakuna aliyejua, labda hata yeye, ni kiasi gani cha kilio kile kilikuwa cha msiba na kiasi gani kilikuwa cha Nafuna. Akanyolewa. Chifu aliandika barua kwamba kaburi lipo na ameliona. Aliligonga kwa kiatu kwanza, kwa kuwa na yeye alikuwa amesoma matangazo.

Tarehe ishirini na tisa Juni alikuwa amerudi mbele ya mizani, kichwa kinang'aa, na karatasi mbili mkononi. Zacharia aliisoma barua ya chifu haraka, kibali akakisoma polepole. Alikigeuza nyuma. Alikiinua kwenye mwanga.

"Futi mbili?" alisema.

"Muhuri ni wa polisi."

"Naona muhuri. Nauliza futi mbili."

"Waulize polisi."

Zacharia hakutaka kuwauliza polisi kitu. Alichukua ile kalamu inayoandika, akamwandika Boaz katika safu ya tano: mahali, tarehe, shahidi. Benta alibaki na chumba chake, na shemeji akabaki na mbolea.

Mwezi wa Agosti mtu mmoja aliyetoka Kisumu alisema amemwona Nafuna stesheni akiuza uji. Benta alimwuliza kama alikuwa peke yake. Mtu huyo alisema palikuwa na watu wengi, ni stesheni.

Mwisho wa mwezi ule ilipita Landrova ileile na kipaza sauti chake, ikatoa habari kwamba kazi imekamilika: shamba lile lina watu mia nne na kumi na wawili, na wote, bila kubaki hata mmoja, wanajulikana walipo. Wachumaji walipiga makofi kisha wakarudi kwenye mistari.

"Mama Oloo," alisema Waceke kutoka upande wake wa mbuni, "lile tunda, mtu akiwa yuko gerezani, linafaa?"

"Gereza gani?"

Muigai alikuwa ameandikwa katika safu ya nne tangu siku daftari lilipopigwa mistari. Mkewe alikuwa na barua tatu, za magereza matatu, na kila moja ilisema hapo hayupo.